Kutunga Wimbo: Mizani Kwanza, Biti Baadaye

MWANAIDI: Assalaam aleikum na karibuni kwenye kipindi, tupo Ngamiani, Tanga. Leo tunazungumza na wewe msikilizaji unayetaka kutunga wimbo wako wa kwanza. Kaka Athumani, wengi wanaanza kwa kutafuta biti.

ATHUMANI: Na hapo ndipo maneno yanapoanza kuteseka, da Mwanaidi. Biti ikitangulia, unayasukuma maneno yaingie humo hata pasipoingilika. Anza na jambo moja unaloweza kulisema kwa sentensi moja. "Mapenzi" si jambo, ni bahari nzima. Lakini "mtu amekaa ufukweni Raskazone, jua linazama, mwenzake hajarudi", hilo linaimbika.

MWANAIDI: Halafu mizani, yaani hesabu ya silabi.

ATHUMANI: Naam. Taarab imetufundisha hilo zamani. Hapa Tanga, vikundi vya taarab vya Black Star na Lucky Star viliingiza magitaa, lakini maneno yaliendelea kuwa shairi. Chukua mizani 16 kwa mshororo, nane na nane, na vina viwili, cha kati na cha mwisho. Kwa mfano:

Upepo wa baharini, wanikumbusha mapenzi,
Nimekaa ufukweni, namngoja wangu mwenzi.

MWANAIDI: Tuhesabu kwa vidole. U-pe-po-wa-ba-ha-ri-ni, nane. Wa-ni-ku-mbu-sha-ma-pe-nzi, nane. Wanaoanza wanateleza kwenye "m" na "n". "Mbu" hapo ni mizani moja, lakini "m" ya "namngoja" inasimama peke yake: na-m-ngo-ja, nne. "Mtu" ni mbili, "nchi" ni mbili.

ATHUMANI: Ukiandika "upepo wa bahari" zinabaki saba. Kwenye daftari huoni kasoro. Ukiimba ndipo unajikuta unavuta "riii" kuziba pengo, na msikilizaji anasikia kwamba mwimbaji anasubiri mdundo.

MWANAIDI: Na vina?

ATHUMANI: Kabla ya kuamua kina, andika pembeni maneno yasiyopungua nane yenye mwisho huo. Kwa "-nzi" utapata mapenzi, mwenzi, majonzi, enzi, mlinzi, ganzi, na kuendelea. Ubeti wa mishororo minne unataka manne, yaliyobaki ni ya kuchagulia. "-ni" ya baharini na nyumbani haikauki kamwe, kwa hiyo iweke katikati, mwisho upe kina kizito zaidi. Na kugeuza maneno, kama "wangu mwenzi", kunaruhusiwa, ila ukigeuza kila mshororo, msikilizaji anabaki anapanga sarufi badala ya kusikia wimbo.

MWANAIDI: Kuna kosa moja linaniumiza masikio: mkazo.

ATHUMANI: Hilo ndilo kubwa kuliko yote! Mkazo wa Kiswahili kwa kawaida uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mdundo mzito ukiangukia pengine, neno linapotea au linageuka jingine. "Barabara" ukikaza "ba" ya pili ni njia ya magari. Ukikaza "ra" ya mwanzo, maana yake ni sawasawa.

MWANAIDI: Tuonyeshe kwa mfano wetu.

ATHUMANI: Piga meza: moja, mbili, tatu, nne. Moja na tatu ndiyo mizito. Ukianza "u" kwenye moja, "pe" yenye mkazo inaangukia mbili, na neno linalegea. Basi "u" itangulie kidogo kabla ya moja. "Pe" ishike moja na mbili, "po" tatu, "wa" nne. Mzunguko unaofuata wa mapigo manne, "ba-ha-ri-ni", kila silabi pigo lake, na "ri" inatua kwenye tatu. Sema hivyo bila kuimba mara kumi, utashangaa sauti inaanza kupanda na kushuka yenyewe. Hiyo ndiyo melodi. Irekodi kwenye simu hapohapo, kwa sababu kesho asubuhi haipo.

MWANAIDI: Ipande hadi wapi?

ATHUMANI: Isizidi do mpaka do ya juu, noti nane. Beti zikae chini, kiitikio kipande noti mbili au tatu. Na noti ya juu kabisa ipe "a" au "o". "I" na "u" zinabana koo.

MWANAIDI: Basi kiitikio chetu kiwe: "Nakungoja, nakungoja, jua linazama, njoo." Nane na nane tena, na mwisho mdomo uko wazi.

ATHUMANI: Safi sana. Halafu sikia: beti zinasimulia habari za mwenzi, kiitikio kinamwita yeye mwenyewe. Badiliko hilo dogo linafanya kiitikio kingojewe.

MWANAIDI: Na urefu?

ATHUMANI: Piga hesabu. Kwa kasi ya mapigo 90 kwa dakika, mshororo wa mizunguko minne unachukua kama sekunde 11, na ubeti kama 43. Beti tatu, kiitikio cha mizunguko minane mara tatu, na mizunguko minne ya kuingilia, jumla dakika 3 na sekunde 23 hivi. Ubeti wa nne unakupeleka dakika nne na zaidi, kwa hiyo uwe na jambo jipya, la sivyo ukate.

MWANAIDI: Ndipo uende kwa mpiga gitaa au kwa prodyuza?

ATHUMANI: Ndipo. Mwimbie bila ala kwanza, atafute ki, yaani kimo cha sauti, inayokufaa. Kordi za C, F na G, yaani noti zinazopigwa kwa pamoja, zinatosha kuanzia. Na kabla hajagusa chochote, kubaliana naye nani ametunga maneno, nani melodi, na mgawo wa kila mmoja, mwandike na kutia saini. Rekodi zako za simu zenye tarehe usizifute.

MWANAIDI: Msikilizaji, kazi ya wiki hii: kipande cha pili, "wanikumbusha mapenzi". Mkazo uko kwenye "mbu" na "pe". Kipange juu ya mapigo ya moja na tatu, tutakifungua kipindi kijacho.