Kuvu Halimalizwi na Jiki

Assalaam alaykum. Mama zangu, baba zangu, na nyinyi vijana mliosimama mlangoni, ingieni, nafasi ipo.

Masika haya sina haja ya kukuelezeni harufu ninayoizungumzia. Unafungua kabati, kanzu ya Ijumaa ina madoa begani, viatu vya ngozi vimeota manyoya. Tunakimbilia Jiki, tunasugua, ukuta unang'aa. Baada ya wiki mbili doa limerudi pale pale, na lawama anabebeshwa aliyesugua.

Kuvu linatafuta maji. Mbegu zake zimo hewani katika kila nyumba, hata ya msafi kuliko wote, na huzimalizi. Zikikosa unyevu hazioti. Kwa hivyo kabla ya kushika brashi, jua maji yanatoka wapi.

Chukua kipande cha plastiki, ukubwa wa sahani ya pilau, kibandike ukutani kwa utepe pande zote nne, usiache upenyo. Kiache siku mbili. Ukikuta majimaji nyuma yake, upande wa ukuta, basi ukuta wenyewe umelowa: maji yanapanda kutoka chini, au paa linavuja, au bomba limepasuka. Yakiwa upande wa chumbani, ni hewa: mvuke wa jikoni, nguo zilizoanikwa ndani, pumzi za watu waliolala madirisha yamefungwa.

Hapa Mji Mkongwe tatizo kubwa ni ukuta, na nitalisema hata mafundi wakinuna. Kuta zetu ni za mawe ya matumbawe, udongo na chokaa. Hunywa maji na kuyatoa. Wazee walipiga lipu ya chokaa, wakapaka chokaa juu yake, maji yakapata pa kutokea. Sisi tunapiga saruji, tunamalizia na rangi ya mafuta kwa sababu eti inafutika. Maji yakizibiwa yanapanda juu zaidi, rangi inafura malengelenge, chumvi inamwagika unga unga sakafuni, na ncha za boriti zilizomo ukutani zinaoza bila ya wewe kuona. Bandua hiyo saruji, ukuta ukauke, kazi ya miezi hiyo, si ya siku mbili, kisha rudisha chokaa. Ukali wake nao kuvu haliupendi.

Walioko kwenye maghorofa ya Michenzani na kwenye nyumba za matofali, kwenu mara nyingi ni hewa. Sogeza kabati shubiri moja kutoka ukutani. Fungua madirisha mchana jua likiwaka. Ukipika, funga mlango wa chumbani.

Kusugua kwenyewe: lowesha kwanza doa ili vumbi lake lisiruke, tumia maji ya sabuni, funika pua, kausha. Jiki usiichanganye kabisa na siki wala dawa ya choo, hutoa gesi ya sumu. Watoto wenye pumu watoke. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2009, limesema wanaoishi kwenye unyevu na kuvu huugua zaidi kifua na pumu.

Naam, mama, umeuliza godoro. La sponji likishaingia kuvu ndani, litupe. Ukilianika harufu itapungua, kuvu litabaki. Jipya usililaze sakafuni. Liweke juu ya chaga, hewa ipite chini yake.