Haki ya Kukomboa: Mkopaji, Rehani na Sheria

Mabibi na mabwana, nawashukuru kwa kunialika nizungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu hulitaja kwa sauti ya chini. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa, nami sikuja kuipinga kauli hiyo. Nimekuja kuuliza maswali yanayoifuata: kulipa kiasi gani, kilichokokotolewa vipi, na mdai anaruhusiwa kufanya nini pindi malipo yanapokwama. Majibu yamo katika mkataba na katika sheria, na mkopaji asiyeyajua hulipa zaidi ya anachodaiwa, au hupoteza mali ambayo sheria ilikuwa bado inamruhusu kuiokoa.

Nianze na riba. Chukueni mkopo wa 1,200,000, wa fedha yoyote ile, unaorejeshwa kwa miezi 12 kwa riba ya asilimia 20. Iwapo riba inakokotolewa juu ya mkopo wote wa mwanzo, itakuwa 240,000, na rejesho la kila mwezi litakuwa 120,000. Lakini mwezi wa saba unapoanza, mkopaji ameshalipa nusu ya deni la msingi, yaani fedha aliyokopa bila riba, ilhali bado anatozwa riba kana kwamba zile 1,200,000 zote zimo mkononi mwake. Tukiipima gharama hiyohiyo kwa salio linalopungua, tunakuta kwamba anatozwa takribani asilimia 35 kwa mwaka. Tarakimu ya 20 haikuwa ya uongo, ila haikumwambia mkopaji alichohitaji kujua. Ni kwa sababu ya tofauti za namna hii Marekani ilitunga sheria mwaka 1968 ya kuwalazimu wakopeshaji waeleze gharama ya mkopo, riba pamoja na ada nyingi zinazoambatana nayo, kwa kiwango kimoja cha mwaka kinacholinganishika, na nchi nyingi zimeweka masharti yanayofanana na hayo. Kwa hiyo, kabla ya kusaini, omba kwa maandishi jumla utakayokuwa umelipa siku ya rejesho la mwisho, na uulize riba inakokotolewa juu ya nini. Afisa anayesita kulijibu swali hilo ameshakujibu.

Mkopo wa nyumba una hesabu yake, na ni hesabu inayowavunja moyo watu wengi kwa sababu hawakuonyeshwa mapema. Mtu akikopa 10,000,000 kwa miaka 20, kwa riba ya asilimia 10 juu ya salio, atarejesha karibu 96,500 kila mwezi. Katika rejesho la kwanza, zaidi ya 83,000 ni riba, na kinachopunguza deni ni kama 13,000 tu. Baada ya miaka mitano ameshatoa karibu 5,800,000, na bado anadaiwa karibu 8,980,000. Hapo hakuna aliyeibiwa, kwa sababu riba hufuata salio, na salio la miaka ya mwanzo ni kubwa. Maana yake kwa mkopaji ni kwamba fedha ya ziada inayolipwa mapema juu ya deni la msingi ina nguvu kubwa kuliko ileile ikilipwa mwishoni, na ndiyo sababu kifungu cha mkataba kinachohusu adhabu ya kulipa kabla ya wakati kinastahili kusomwa mara mbili.

Sasa niingie kwenye rehani yenyewe, kwa maana hapa ndipo penye haki ambayo naiona kubwa kuliko zote. Zamani, kwa sheria ya kawaida ya Uingereza, aliyeweka ardhi rehani alipangiwa siku ya kulipa, na siku hiyo ikipita bila malipo, ardhi ilikwenda moja kwa moja kwa mdai, hata kama deni lilikuwa dogo kuliko thamani ya ardhi. Kufikia karne ya 17, mahakama iliyohukumu kwa misingi ya usawa, yaani kwa kutazama haki badala ya ukali wa sheria, ilikuwa imeshaweka kanuni kwamba rehani ni dhamana ya deni, wala si mauzo yaliyojificha, na kwamba mkopaji aweza kuikomboa mali yake hata baada ya siku kupita, mradi alipe deni, riba na gharama. Kanuni hiyo imeenea katika mataifa mengi yaliyorithi sheria hizo. Kwa kawaida haki ya kukomboa hubaki hai mpaka mali itakapouzwa kihalali au mahakama itakapoifunga.

Mzee mmoja aliwahi kunijia na bahasha tatu. Ya kwanza ilikuwa imefunguliwa na kukunjwa vipande vinne, na mbili zilizofuata zilikuwa bado zimegandishwa kwa gundi, zimechakaa pembeni kwa kukaa chini ya godoro. Tulizifungua pamoja. Ya pili ilieleza kiasi alichopaswa kulipa ili mkopo urudi katika hali njema, na ilimwita azungumzie ratiba mpya ya marejesho. Ya tatu ilikuwa notisi ya mnada. Hakuwa mtu mzembe. Aliona aibu, na aibu ilimnyima muda wote ambao notisi ilimpa. Nawasihi, ndugu zangu, notisi ifunguliwe siku ileile inapofika, kwa kuwa sheria huipa tarehe uzito. Mkopaji anapoandika mapema kuomba nafuu, huwa na ushahidi wa nia njema, na mdai aliyerukia mnada bila kutoa notisi ipasavyo aweza kuzuiwa na mahakama.

Hata mnada una mipaka. Mwaka 1971 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza iliamua shauri ambalo mdai aliuza kiwanja, na tangazo lake halikutaja kwamba kiwanja kilikuwa na kibali cha kujengwa fleti. Mahakama ilisema mdai anayeuza hana budi kuchukua uangalifu wa kutosha ili apate bei halisi ya soko. Bei ikizidi deni na gharama, ziada ni ya mkopaji baada ya wadai wengine wenye dhamana juu ya mali hiyo kulipwa. Isipotosha, katika nchi nyingi pengo huendelea kudaiwa, na wengi hulijua hilo wakiwa wameshachelewa. Zipo pia nchi zinazoweka kikomo cha kuvimba kwa deni: Kenya tangu mwaka 2007, na Afrika Kusini, zinazuia riba ya mkopo uliokwama kwenye benki isizidi deni la msingi lililokuwapo ulipokwama.

Kuhusu mdhamini nitasema machache, ingawa yanauma: anayetia saini kumdhamini mwenzake kwa kawaida hudaiwa kama mkopaji mwenyewe, na mara nyingi mdai halazimiki kumaliza kwanza mali za mkopaji. Na kuhusu ukusanyaji wa madeni, hasa ile mikopo ya riba kali ambayo watu wameipa jina la kausha damu, deni halimpi mtu ruhusa ya kutisha, kutukana au kumtangaza mdaiwa kwa ndugu na wafanyakazi wenzake. Hifadhini jumbe hizo pamoja na tarehe na saa, kwa kuwa malalamiko kwa mamlaka ya usimamizi husimama juu ya vielelezo.

Na siku rejesho la mwisho litakapolipwa, msiondoke na risiti tu. Rehani iliyoandikwa katika daftari la ardhi haifutiki yenyewe. Dai barua ya kuthibitisha kwamba deni limekwisha, dai hati yako, hakikisha kufutwa kwa rehani kumesajiliwa, kisha ukaangalie daftari kwa macho yako mwenyewe.