Msitu wa City Park Si Kiwanja Kitupu

Wazee wetu, ndugu na dada zangu, hamjambo. Walionisikia siku zilizopita watanivumilia, maana leo tena naanzia kwenye kaburi la Joseph Murumbi, lililoko City Park, bustani yetu ya umma yenye msitu hapa Parklands, Nairobi.

Murumbi alikuwa Makamu wa Rais wa Kenya mwaka 1966, kwa miezi michache tu. Habari za sanaa na vitabu alivyokusanya mnazijua, naziruka. Mimi nataka mumkumbuke Murumbi wa miti. Kwake Muthaiga alikuwa na kiwanja chenye miti ya kiasili. Nyumba ile akaiuzia serikali, kwa matumaini kwamba itageuzwa kituo cha masomo ya Afrika. Kituo hakikujengwa. Nyumba iliachwa ikachakaa, ikabomolewa, na miti ile ikakatwa. Hebu fikirieni mzee anarudi kutazama alikoishi, anakuta visiki! Jambo lile lilimuuma sana. Alipofariki mwaka 1990 alizikwa City Park, karibu na rafiki yake Pio Gama Pinto, mwanasiasa na mpigania uhuru aliyeuawa mwaka 1965. Mtu aliyekatiwa miti yake amelala kando ya miti yetu. Na hata huko hakuachwa apumzike, kwa sababu wanyakuzi wa ardhi waliifuata bustani yenyewe, wakaimega kipande baada ya kipande.

Kila nikisimulia haya, kuna anayeinua mkono: “Lakini Nairobi inakua, watu wanahitaji nyumba na maegesho, na pale kuna ardhi imekaa tu.” Imekaa tu! Ndugu yangu, ni nani aliyekuambia msitu umekaa tu? Umewahi kuingia? Inama chini ya kichaka. Utaona mche wa muhugu, haufiki gotini, majani yake kijani juu, na ukiyageuza, chini yana rangi ya majivu. Muhugu hukua polepole mno. Ndio mti ambao wachongaji wetu waliutafuta kwa vinyago mpaka ukaadimika. Mche ule una haja ya kivuli cha kichaka kile kile ambacho wewe unakiita takataka.

Ndiyo maana nasema, na nitasema mpaka nichoke: msitu wa mjini haufi siku tingatinga linapoingia. Hufa siku mtu anapokuja na panga akisema anausafisha. Kwanza vichaka vinafyekwa. Miti mikubwa inabaki, nasi tunapongeza kwamba panapendeza. Miche hakuna. Mti mkubwa ukianguka, hakuna wa kuurithi. Pakishakuwa peupe, yanakuja mabati ya kuzungushia ua. Nyuma ya mabati hamjui kinachoendelea, na siku yakiondolewa mnaonyeshwa hati miliki.

“Vichaka vinaficha wezi.” Hilo nalijibu kwa heshima, kwa sababu akina mama wengi wameniambia na hofu yao ni ya kweli. Lakini tazameni Karura, msitu mwingine wa hapa Nairobi. Enzi zile ni nani alithubutu kuingia Karura peke yake? Leo wanawake wanakimbia mle asubuhi, watoto wanaendesha baiskeli. Je, walifyeka msitu? La. Waliweka ua, walinzi, na majirani wakawa wenye msitu. Mtetezi wa mazingira Wangari Maathai na wenzake walipigwa pale Januari 1999 wakipanda miti, nasi hatuwezi kuitetea City Park hata kwa barua?

Sheria tunayo. Bustani ilitangazwa turathi ya taifa mwaka 2009. Katiba, kifungu cha 69, inaitaka serikali ifikishe miti asilimia 10 ya ardhi ya nchi. Sasa mtu akate ya Parklands, kisha akapande miche barabarani mbele ya kamera?

Nilitaka kuzungumzia joto la mji na mafuriko, na kima wanaovamia majumbani kwa sababu tumewazoesha ndizi na mkate. Mwenyekiti ananionyesha saa. Kuhusu kima niseme hili moja: acheni kuwalisha.

Jumamosi saa tatu asubuhi tukutane lango kuu. Tutaufuata mpaka wa bustani, kigingi kwa kigingi, na ramani ya upimaji mkononi. Palipo na kigingi kilichong’olewa tutapiga picha, tuandike tarehe, na Jumatatu nakala ziende kaunti na Makumbusho ya Taifa. Vaeni viatu vya kufunga, kuna upupu.