Tabora Haipo Kwihara Peke Yake

Wazee wangu, mama zangu, walimu, na ninyi vijana mliojazana huko nyuma na simu mkononi, mwadila! Sijasikia. Mwadila! Haya, sasa tuko Unyamwezini.

Nimeombwa nizungumzie sanaa ya leo katika mji huu wa kale, nami nitaanza na ubishi. Mgeni akishuka stesheni akauliza aone nini, tunampakia bodaboda hadi Kwihara, kwenye nyumba ya tembe alikokaa Livingstone mwaka 1872. Akirudi tunamwonyesha Boma la Wajerumani. Mwenyeji anayejua zaidi atamwongezea habari za mkutano wa TANU wa Januari 1958, ule wa Uamuzi wa Busara, chama kilipokubali kuingia kwenye uchaguzi wa kura tatu. Kesho yake mgeni huyo yuko ndani ya treni ya Kigoma, anasimulia kwamba Tabora ameimaliza. Sina ugomvi na Kwihara, wapelekeni watoto. Lakini mji huu tumezoea kuwaonyesha watu waliokwisha kufa, tena wengine walikuwa wapita njia tu, na walio hai hatuwaonyeshi mtu.

Wapita njia wenyewe tusiwadharau, maana sanaa yetu imetokana na njia. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu kutoka hapa hadi Bagamoyo, na msafara haukwenda kimya. Kirangozi alitangulia, ngoma ikipigwa, mmoja anatoa wimbo na wengine wanaitikia. Wakarudi na vitambaa, na Kiswahili, na utani wa huko pwani. Kama kuna Mzaramo humu ndani ajihadhari, leo nina maiki. Wamanyema nao wakaja kutoka upande wa pili wa Ziwa Tanganyika. Mwaka 1912 reli ikafika Tabora, 1914 ikafika Kigoma, 1928 tawi la Mwanza likakamilika. Tukawa njia panda.

Njia panda hiyo ndiyo iliyotupa dansi, na hapa mtanivumilia, nitakaa kidogo.

Mji huu ulikuwa na Kiko Kids ya Salum Zahoro. Ulikuwa na Nyanyembe Jazz. Ulikuwa na Tabora Jazz na mtindo wake wa Segere Matata, bendi aliyoivumisha Shem Karenga, mtu aliyetokea Kigoma. Hata Western Jazz ya Dar es Salaam, jina lake linatokana na Jimbo la Magharibi, yaani huku kwetu, alikotoka mwanzilishi wake Iddi Nhende. Bendi tatu kubwa katika mji mmoja, zaidi ya kilomita 800 za reli kutoka kwenye studio ya Redio Tanzania! Kwa nini hapa? Jibu langu ni reli. Rumba ya Kongo iliingia kwa upande wa Kigoma, habari za Dar zilipanda na treni ya bara, na wafanyakazi wa reli walikuwa na mshahara wa kulipia kiingilio. Tega sikio kwenye rekodi zile: gita linacheza Kikongo, maneno ni Kiswahili safi cha mjini, na kiitikio kinarudi kama kinavyorudi kwenye mbina, ngoma zetu za kijijini. Hakuna aliyekaa mezani akapanga mchanganyiko huo. Mji wenyewe ulikuwa hivyo.

Sasa tuje leo. Kuna kijana aliniambia, "Mzee, Tabora hakuna sanaa, nenda Dar." Nikamuuliza Jumamosi anakuwa wapi. Akasema kwenye harusi, anapiga picha za video! Basi huyo ni msanii anayesema sanaa hakuna. Ukumbi wa harusi ndio jukwaa letu kubwa kwa sasa: kuna MC, kuna matarumbeta, kuna mpambaji, kuna mshonaji aliyekesha na vitenge. Tembeeni Jumapili mkasikilize kwaya za Moravian na za Wakatoliki, sauti nne zimekaa sawa bila mtu kuwa na shahada ya muziki. Usiku wa maulidi sikilizeni dufu. Pitieni sokoni kwenye vibanda vya kuingiza nyimbo kwenye flashi, mtakuta nyimbo za asili za Kinyamwezi na Kisukuma zimepigwa kwa kinanda, na mkulima wa tumbaku anazinunua kabla ya kupanda basi kurudi kijijini.

Na mafundi seremala? Mimi nasema, na mwalimu wa sanaa aliyepo hapa anaweza kunikatalia, kwamba kazi bora kabisa ya kuchonga katika mkoa huu haiko makumbusho. Iko kwenye kichwa cha kitanda cha mninga. Fundi anafuata rangi ya mti, anaacha mistari yake ionekane, anachonga ua pale tu mti unaporuhusu. Ila haweki jina lake. Kitanda kinapakiwa, kinafika Mwanza, kinaitwa kitanda cha Mwanza.

Hapo ndipo penye kidonda. Kiongozi akija, tunaita kikundi cha ngoma ya hiyari au manyanga, tunawaita Wayeye, wale wacheza ngoma na nyoka wao, wanacheza juani toka asubuhi. Jioni wanapewa soda na nauli. Wiki inayofuata anakuja mwimbaji kutoka Dar, huyo amelipwa kabla hajaondoka kwake. Simlaumu mwimbaji, kajua bei yake. Namlaumu mwenye kuandaa, na mara nyingi mwenye kuandaa ni sisi, kamati zetu hizi hizi.

Tena vikundi vyenyewe vijisaidie. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu 1999, na ofisi yake, COSOTA, wengi mnaijua kwa jina tu. Manju anatunga, mwenye studio anarekodi, mwenye simu anapandisha mtandaoni, na mwisho wa siku hakuna karatasi inayosema wimbo ni wa nani. Andikeni. Aliyetunga aandikwe, aliyepiga ngoma aandikwe, tarehe iandikwe. Daftari la shule linatosha kuanzia, usajili utafuata.

Neno la mwisho ni ombi. Najua katika nyumba za Ng'ambo, Isevya na Kanyenye kuna santuri za bendi zile, na picha za wanamuziki wamevaa suruali pana, zimewekwa chini ya kitanda, mchwa wanazikaribia. Sizitaki niende nazo. Nataka tuzipige picha, tunakili sauti, na mwenye mali aondoke na mali yake. Kijana yule wa video amekubali kukaa na kamera pale mlangoni pa ukumbi huu Jumamosi mbili zijazo, saa nne asubuhi, na safari hii kamati imeshamlipa. Mwenye swali, maiki hii hapa.