Kobalti ikikataliwa, wewe utafanya kazi gani?

MDOGO: Jambo sana, bana L'shi, watu wa Lubumbashi, na wote mnaotusikiliza kutoka Likasi, Kolwezi mpaka Kasumbalesa. Leo tuna swali la kijana wa Kasapa, kampasi ya chuo kikuu hapa mjini, mwaka wa pili politekniki. Ameandika hivi: "Nataka siku moja niongoze kampuni inayotengeneza vyuma vya magari, lakini hapa hakuna kiwanda cha gari. Nianzie wapi?" Yaya, mkubwa wangu, mimi nilicheka kidogo.

YAYA: Ulicheka nini? Swali zuri hilo.

MDOGO: Nilicheka kwa sababu magari tunayoyajua sisi ni yale yanayoingia mpakani Kasumbalesa yamekwisha kuchoshwa na watu wengine.

YAYA: Haya. Gari kama hilo likifika, ukitaka kulinunua, unakagua nini kwanza?

MDOGO: Kutu. Unainama chini, unapapasa kandokando ya milango. Muuzaji akianza kukuharakisha, unajua iko.

YAYA: Basi tayari tuko ndani ya mada. Gari la kawaida lina karibu kilo 900 za chuma, na mabati yake ya nje siku hizi hupakwa zinki ili yasiliwe na kutu. Zinki ile haikai pale kama rangi tu. Bati likichubuka, zinki ndiyo inayoliwa kwanza, chuma kinabaki. Sasa zinki inatoka wapi? Panda basi uende Kipushi, kilomita thelathini hivi kutoka hapa. Mgodi ule ulianza mwaka 1924, ukafungwa 1993, ukafunguliwa tena 2024. Jiwe lake lina zaidi ya asilimia 30 ya zinki. Migodi mingi duniani haifiki hata nusu ya hapo. Na karibu nusu ya zinki yote ya dunia kazi yake ni hiyo moja, kukinga chuma.

MDOGO: Lakini Kipushi hawatengenezi bati, Yaya. Wanatoa konsantre, ule unga wa madini uliochujwa, unapakiwa kwenye lori unakwenda.

YAYA: Ni kweli, na hilo linaniuma. Ila kijana hakuuliza habari za lori, aliuliza aanzie wapi. Namwambia, tayari anaishi kwenye mwanzo wa mnyororo.

MDOGO: Mwanzo ndiko pesa ilipo ndogo.

YAYA: Ngoja nikukumbushe jambo moja, halafu utanijibu. Union Minière du Haut-Katanga, kampuni ya madini ya Wabelgiji, iliundwa 1906. Tanuru la Lubumbashi likamimina shaba ya kwanza 1911, mji wenyewe ukiwa na mwaka mmoja tu. Mwaka 1967 serikali ikataifisha mali yake ya hapa, ikazaliwa ile kampuni ya madini ya serikali tuliyokuja kuiita Gécamines. Wale Wabelgiji je, walikufa?

MDOGO: Walirudi kwao.

YAYA: Walirudi, wakaendelea na metali kule, na mwaka 2001 wakabadilisha jina wakawa Umicore. Leo Umicore inatengeneza unga unaoingia ndani ya betri za magari ya umeme, na vichujio vya moshi wa magari. Mgodi walinyang'anywa, lakini kujua metali inavyofanya kazi hakuna aliyewanyang'anya. Huku sisi tukabaki na mgodi.

MDOGO: Hapo umenigusa. Maana wazee wetu waliambiwa nini? "Kazi njo baba, kazi njo mama," yaani kazi ndiyo baba, ndiyo mama. Kampuni inakupa nyumba, inakupa posho ya unga, watoto wanasoma shule ya kampuni, mke akijifungua ni hospitali ya kampuni. Halafu 2003 watu zaidi ya elfu kumi wa Gécamines wakaambiwa waondoke, na kuondoka kule kukaitwa kwa hiari.

YAYA: Na wengi walikuwa mafundi wa miaka ishirini, thelathini. Mtu anajua tanuru lile kwa sauti yake. Lakini kila alichokijua kilikuwa cha tanuru lile moja. Ndiyo maana kijana akiniambia "nitasomea kobalti, ile metali ya betri, kwa sababu Kongo ndiyo ya kwanza duniani," napata wasiwasi.

MDOGO: Si kweli kwamba ni ya kwanza?

YAYA: Ni kweli kabisa, zaidi ya asilimia 70 ya kobalti ya dunia inatoka kwetu. Lakini ona mwaka 2025. Bei ilikuwa imeanguka, Februari serikali ikasimamisha kuuza nje, Oktoba ikaanza mgao, kila kampuni na kiasi chake. Na wakati huohuo Wachina wanajaza barabara magari yenye betri za chuma na fosfati, ambazo ndani yake hakuna kobalti hata chembe. Shaba je? Shaba bado wanaihitaji sana, gari la umeme linakula kilo 80 hivi, mara tatu au zaidi ya gari la petroli. Kesho itakuwa metali nyingine. Sasa wewe uliyejifunga na kobalti peke yake, utafanya kazi gani?

MDOGO: Kwa hiyo asome nini? Usiniambie "asome kwa bidii."

YAYA: Asome kupima.

MDOGO: Kupima?

YAYA: Maabara. Sampuli. Ubora. Vijana wa politekniki wote wanataka kuwa wenye kofia nyeupe, kusimama juu ya shimo na redio mkononi. Maabara wanaiona kama chumba cha adhabu. Lakini shaba ya kathodi, ile mabamba iliyokwisha kusafishwa, haiuzwi kwa sababu inang'aa. Inauzwa kwa sababu kuna karatasi inasema ni asilimia 99.99, na kuna mtu ameweka sahihi chini yake. Bati la gari ni hivyohivyo: nguvu yake, unene wake, linavyokunjika bila kupasuka, vyote viko kwenye karatasi. Mwenye kuelewa karatasi ile anaweza kuhama kutoka kobalti kwenda zinki, kwenda chuma, kwenda alumini. Kipimo kinabadilika kidogo, akili ya kazi ni ileile.

MDOGO: Na anayepima anaweza kuwa mkuu wa kampuni? Mimi sijawahi kuona. Hapa mkuu anatoka fedha au anatoka siasa.

YAYA: Mary Barra. Aliingia General Motors, kampuni ya magari ya Marekani, 1980 akiwa na miaka 18, kazi yake kukagua kapo, yaani boneti, na mabati ya pembeni kwenye kiwanda cha Pontiac, apate pesa ya masomo. Baba yake naye alikuwa fundi wa kampuni hiyohiyo. Akasoma uinjinia wa umeme, akapita viwandani, akapita ofisi ya wafanyakazi, akapita kitengo cha kubuni magari. Januari 2014 akawa mkuu wa kampuni yote.

MDOGO: Miaka thelathini na nne! Kijana wetu ameshakata tamaa hapo.

YAYA: Asikate. Sikiliza kilichomkuta wiki chache tu baada ya kukalia kiti. Kuna swichi ya ufunguo ilikuwa laini mno. Gari likiwa mwendoni ufunguo unaweza kurudi wenyewe, injini inazimika, na ile mifuko ya hewa haifunguki. Magari milioni 2.6 yakaitwa yarudi. Kumbe ndani ya kampuni kulikuwa na watu waliojua miaka kumi hivi. Swichi yenyewe ilikuwa imebadilishwa kimyakimya, lakini namba ya kifaa ikaachwa ileile, kwa hiyo aliyechunguza baadaye hakuelewa kwa nini magari mengine yanazimika na mengine hayazimiki. Uchunguzi ulipofanyika, likaibuka jambo la ajabu. Kwenye mikutano watu wote walikuwa wanatikisa kichwa, ndiyo ndiyo, tutafanya, halafu wanatoka na hakuna anayefanya.

MDOGO: Ha! Hiyo mikutano naijua. Kapita, yule msimamizi wa zamu, anauliza "mmeelewa?" Wote: "Ndiyo shefu!" Kisha mnaulizana mlangoni alisema nini.

YAYA: Njo hiyo. Na mfano mwingine unatuhusu zaidi, kwa sababu ni wa metali zenyewe. Kobe Steel ya Japani, Oktoba 2017. Kampuni ya zaidi ya miaka mia moja. Ikakiri kwamba karatasi za vipimo vya alumini, shaba na hata chuma zilikuwa zimebadilishwa. Metali haikufika kiwango alichoagiza mteja, namba ikaandikwa imefika. Wateja zaidi ya 500, wakiwemo watengenezaji magari wakubwa wa Japani. Mwaka uliofuata mkuu wa kampuni akajiuzulu.

MDOGO: Lakini nani alibadilisha? Mkuu hakushika kalamu.

YAYA: Hakushika. Walioshika ni watu wa viwandani, na mbele yao kulikuwa na tarehe ya kupeleka mzigo. Ukisema "hii haijafika," mzigo unalala, mteja anapiga simu, shefu anakasirika. Ukiongeza namba mbili tatu, lori linaondoka. Mwaka wa kwanza unaogopa, mwaka wa tano ni desturi ya nyumba.

MDOGO: Sasa niseme la huku. Wale wa Kobe walikuwa na kazi ya kudumu, na bado hawakusema. Hapa kijana ameajiriwa na kampuni ya sutretansi, ile inayopewa kazi na kampuni kubwa, mkataba wa miezi mitatu, hajui kama wa nne utakuja. Nani atathubutu kumwambia shefu wake "simamisha lori"? Unamtaka awe shujaa, na nyumbani wanasubiri bukari, ugali wao.

YAYA: Hilo sina jibu jepesi. Sheria ya sutretansi ya 2017 ilitaka kazi zile ziende kwa kampuni zenye wenyehisa wengi Wakongomani, na hilo jema. Lakini kuwa na patroni Mkongomani hakumfanyi kibarua awe na sauti. Toyota waliweka kamba juu ya mstari wa kazi, mfanyakazi yeyote akiona kasoro anaivuta. Kamba ni rahisi kununua. Kinachohitajika ni kapita atakayekuja akasema "asante, tuone," badala ya "nani amevuta?"

MDOGO: Kwa hiyo uongozi wenyewe unaanzia kwa kapita.

YAYA: Kwa kapita wa zamu ya usiku, ndiyo. Nina jirani mzee, alifanya maabara miaka mingi. Aliniambia kila sampuli aliigawa mara mbili, moja anapima, nyingine anafunga kabatini na tarehe. Shefu akimwambia "rekebisha hii namba," anajibu, "Baba, nitapima ile ya kabatini mbele yako." Hakuwahi kukataa amri ya mtu. Aliita tu kipimo cha pili.

MDOGO: Mjanja huyo mzee! Hiyo kijana anaweza kuifanya hata na mkataba wa miezi mitatu.

YAYA: Umeona?

MDOGO: Basi tumpe vitu vya kushika. Kiingereza, kwa sababu bei ya shaba inasemwa London. Kichina cha kuanzia, kwa sababu mabosi wengi atakaowakuta Kolwezi wanakisema.

YAYA: Kemia, na hesabu za takwimu, zile anazozikimbia. Asome ISO 17025, kanuni ya maabara za vipimo, na IATF 16949, ile ya ubora wa watengenezaji wa vifaa vya magari. Na pale chuo kikuu kuna kituo cha utafiti wa betri kilichozinduliwa 2022. Aende agonge mlango, asisubiri tangazo.

MDOGO: Ameongeza swali chini ya barua. Amepata staji mbili, nafasi za kujifunza kazi. Moja ofisini hapa mjini, wanampa nauli na chakula. Nyingine maabara kule Likasi, zamu ya usiku, nauli nusu. Achague ipi?

YAYA: Likasi.

MDOGO: Mimi nasema mjini. Nauli nusu kwa mwanafunzi wa Kasapa ni kutembea kwa miguu, Yaya. Na bosi wa ofisi ndiye atakayempigia mtu simu kesho.

YAYA: Atampigia simu aseme nini? "Ni mtoto mzuri, anajua kupanga faili"?

MDOGO: Aseme ni mtoto mwaminifu!

YAYA: Likasi. Na kama nauli ndiyo shida, atuandikie tena.

MDOGO: Sawa, hatujaelewana. Wasikilizaji, tuandikieni ninyi mngemshauri nini. Wiki ijayo ni wachomea vyuma wa Ruashi, na Yaya ameahidi kutokatiza maneno ya watu.

YAYA: Sikuahidi hivyo.