Nimeingia pabu ya Waholanzi katikati ya London

Shikamooni wakubwa zangu, wadogo zangu hamjambo. Leo nipo London, mtaa wa Macclesfield, hatua chache kutoka Shaftesbury Avenue. Ngoja nigeuze kamera. Mnaziona zile taa nyekundu zinazoning'inia kule? Hapa ni Chinatown, ukipita mlango huu bata wa kuchoma, ukipita ule tambi. Sasa angalieni huku, katikati ya migahawa yote hiyo: De Hems. Pabu, yaani baa, ya Kiingereza, jina la Kiholanzi, mtaa wa Wachina. Nimepita hapa mara nyingi nikienda kazini na sijawahi kuingia, mpaka dada yangu mmoja wa Ujiji aliponiandikia: "Kaka, hao wenzetu wanakunywa nini huko? Tuonyeshe." Haya dada, twende.

Ndugu zangu ambao dini yenu haina nafasi ya kilevi, naomba mbaki nami, kwa sababu nyumba hii ina historia inayotuhusu sisi watu wa Kigoma kuliko nilivyotegemea.

Nimeomba ruhusa ya kupiga video, nimekubaliwa, ila nisionyeshe sura za wateja. Huku ukikaa mezani kusubiri mhudumu utakauka. Unakwenda kaunta, unaagiza, unalipa papo hapo, unabeba glasi yako mwenyewe. Mstari haupo, lakini kila mtu anajua nani alimtangulia, na ukimruka mtu unaonekana hukufunzwa adabu. Bia ya bomba ina vipimo vya kisheria: painti nzima, ambayo ni mililita 568, au theluthi mbili, au nusu, au theluthi.

Jengo ni la mwaka 1890. Pabu ilikuwa ikiitwa The Macclesfield, kama mtaa wenyewe. Baadaye ikaja mikononi mwa nahodha mmoja wa Kiholanzi aliyestaafu bahari, jina lake De Hem. Akaifanya nyumba ya chaza, na maganda ya chaza yakabandikwa ukutani mpaka yakawa ndiyo mapambo. Watu wakawa wanakwenda "kwa De Hem", kama sisi tunavyosema tunakwenda kwa Mangi au kwa Mama Asha, hata kama ubaoni pameandikwa jingine. Mwaka 1959 jina la mdomoni likawa ndilo la ubaoni.

Lakini kilichonigusa ni mwaka 1940. Wajerumani waliivamia Uholanzi tarehe 10 Mei. Siku chache baadaye Malkia Wilhelmina alikuwa ameshavuka bahari, yuko hapa London na serikali yake. Julai ile BBC ikawapa nafasi hewani, ikaanza Radio Oranje, sauti ya Kiholanzi ikirushwa kutoka uhamishoni kwenda kwa watu waliobaki chini ya Wajerumani. Na Waholanzi waliokuwa wakipinga uvamizi, walipotaka kuonana na kuongea lugha yao, walikutana katika nyumba hii.

Mimi nimekulia Kigoma. Nimeona Warundi wakivuka, nimeona Wakongo wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Nyuma ya nyumba yetu alikaa mzee mmoja kutoka Burundi. Kila jioni alitoa redio yake ya betri nje, akainamisha kichwa, na sisi watoto tulikatazwa kupiga kelele mpaka taarifa ya habari iishe. Nilipokuwa nasoma habari za Radio Oranje nilimwona mzee yule. Mtu aliyepoteza nchi anatafuta sehemu ambapo hahitaji kueleza yeye ni nani. Kwa Waholanzi wa wakati ule, sehemu mojawapo ni hii niliyosimama.

Sasa bia. Hii ya kwanza ni La Trappe, inatoka kwenye abasia, yaani monasteri, ya Koningshoeven, karibu na mji wa Tilburg. Watawa wa pale wanapika bia tangu 1884. Hao ni Watrapisti, shirika la watawa wa Kikatoliki, na ili bia iitwe ya Trapisti lazima ipikwe ndani ya uzio wa monasteri, watawa waisimamie, na mapato yatunze monasteri na kusaidia wenye shida. Hii Quadrupel ina kilevi asilimia 10. Bia nyingi tulizozoea zina karibu nusu ya hapo, kwa hiyo inanywewa polepole, kwenye glasi yake yenye mguu. Ladha ni ya sukari iliyoungua na zabibu kavu. Mimi kijiglasi kimoja kinanitosha.

Ya pili ndiyo iliyonisimamisha. Inaitwa kriek, ya Ubelgiji, nyekundu, ina cheri. Msingi wake ni bia iitwayo lambiki, inayopikwa maeneo ya Brussels. Wanachemsha ngano na kimea cha shayiri, kisha usiku wa majira ya baridi wanaacha ule uji mwepesi upoe ndani ya chombo kipana, kina kifupi, wazi. Hawatii hamira. Hamira inakuja yenyewe na hewa. Kisha inaingia kwenye mapipa ya mbao, mwaka, miwili, hata mitatu.

Ndugu zangu, hilo si tembo? Mgema anapanda mchikichi au mnazi, anakata, anatega kibuyu. Nani anatia hamira? Hakuna. Asubuhi ni tamu hata mtoto angeitaka, jioni imeshakuwa kali. Nimeonja kriek, ule uchachu ukanishika nyuma ya taya palepale tembo linaposhika. Tofauti ni kwamba letu halilali siku nyingi, na lao linakaa kwenye chupa kwa miaka. Mwaka 2016 UNESCO iliuorodhesha utamaduni wa bia wa Ubelgiji kama urithi. Nafurahi kwa ajili yao, wanastahili. Na wagema wetu nao wanastahili mtu akae nao, aandike wanachokijua, kabla wazee hawajaondoka nacho.

Kijana wa kaunta ni mzaliwa wa Rotterdam. Nikamwambia kwetu Kigoma bia yao tunaijua tangu zamani: Amstel. Akacheka, akadhani tunaletewa kwa meli kutoka Ulaya. Nikamwambia hapana, inapikwa Bujumbura, kiwanda cha Brarudi, inavuka mpaka na kushuka kwetu. Sisi tulikua tukijua ni ya Warundi. Yeye ndiye aliyenieleza kuwa Amstel ni mto unaopita Amsterdam, na bia ilianza huko mwaka 1870.

Akaniwekea sahani ya bitterballen, vitonge vya nyama vya kukaanga, na haradali pembeni. Vinachoma ulimi, subirini vipoe. Akaniuliza, nyie Amstel mnakunywa na nini? Nikamwambia samaki wetu mgebuka, wa kukaanga, ndimu, pilipili, ukiwa umekaa unaliangalia ziwa. Akaniomba nilirudie neno hilo taratibu. Akachukua kalamu, akaliandika nyuma ya kile kikaratasi cha kuwekea glasi: m-ge-bu-ka. Nimemsahihisha herufi moja tu.