Mkopo Hauleti Mteja

Asante, mwenyekiti. Waheshimiwa madiwani, maofisa maendeleo ya jamii, na mama zangu wa vikoba ninaowaona kule nyuma: asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ile inayotengwa kukopesha vikundi, mnaijua, sitaanza kuwafundisha. Nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu, bila riba, imo kwenye sheria tangu 2018. Mnajua pia kwamba Aprili 2023 ilisimamishwa, kwa sababu fedha zilikuwa zinatoka hazirudi na vikundi vingine vilikuwa vikundi hewa. Mwaka 2024 ikarudi na utaratibu mpya. Tangu hapo kila kikao ninachoalikwa ni marejesho, marejesho, marejesho. Leo naomba tumzungumzie mteja.

Tupige hesabu. Chukua halmashauri ya mfano ambayo mapato yake ya ndani ni shilingi bilioni 1. Asilimia 10 ni milioni 100, na fungu la wanawake ni milioni 40. Kama ina kata 20, kila kata inapata milioni 2. Kikundi kimoja cha watu watano kikichukua zote, kila mmoja ana laki nne. Kata nzima, mwaka mzima, kikundi kimoja! Na hao watano mmoja ni fundi cherehani, mwingine anakaanga samaki, mwingine anafuga kuku. Wameungana kwa sababu fomu inataka kikundi. Fedha ikiingia wanagawana, na mimi siwalaumu.

Yule wa samaki anaongeza ndoo moja. Jioni anapanga samaki wake kwenye meza ileile, kando ya mtaro uleule unaonuka, na taa hakuna. Ikifika saa moja watu wanapita mbio wakiogopa vibaka. Samaki wa ziada wanalala. Baada ya miezi michache anakwenda kwa kausha damu, wale wakopeshaji wa mtaani wenye riba ya kuumiza, kukopa ili ailipe halmashauri. Halafu sisi tunaandika kwenye ripoti kwamba wajasiriamali hawana elimu ya biashara. Elimu gani? Mama yule anajua kila mteja wake anapokea mshahara tarehe ngapi!

Sasa mfano wangu wa siku zote. Walionisikia kabla wanivumilie. Machinga Complex, pale Ilala, Dar es Salaam, karibu na Karume. Jengo la ghorofa, limejengwa kwa mkopo wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, vizimba vimepangwa vizuri. Likakamilika, na kwa miaka vizimba vingi vikakaa vitupu huku barabara za jirani zimejaa machinga. Tukasema hawa watu wakaidi. Hebu fikirini machinga anauzaje. Mtu anakimbilia daladala, anaona soksi, ananunua. Hakutoka nyumbani kutafuta soksi! Mtu huyo hapandi ghorofa ya tatu kwenda kuangalia kama huko juu kuna soksi. Kwa hiyo tulimjengea muuzaji paa, tukamwacha mteja chini barabarani, na deni la jengo likabaki palepale linadai. Mwaka 2021 machinga walipoondolewa barabarani nchi nzima, hadithi ikajirudia: waliopelekwa mbali na vituo vya daladala, wengi hawakukaa. Kabla ya kumwaga zege, simama hapo na karatasi kuanzia asubuhi hadi jioni uhesabu wapita njia. Haihitaji mshauri mwelekezi.

Najua kuna anayesema moyoni, huyu anataka mikopo ifutwe. Sijasema hivyo. Ikifutwa leo, kausha damu watafanya sherehe. Mwingine atasema barabara ni za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Sawa, waachieni TARURA barabara zao. Taa ya sokoni ni ya nani? Choo cha soko, bomba, paa linalovuja juu ya viazi? Mkusanya ushuru hajawahi kupotea njia, kila asubuhi yupo na mashine yake ya POS. Siku mtaro umeziba simu za ofisini haziiti.

Naona mwenyekiti anaangalia saa, basi nikimbie. La kwanza lilikuwa soko. La pili ni ununuzi. Sheria inataka asilimia 30 ya ununuzi wa taasisi za umma itengwe kwa vikundi maalumu, yaani vya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Madawati, mapazia, chakula cha vikao, uchapaji, vyote hivi vinaweza kutoka kwa watu wa kata zenu. Lakini fundi seremala anayeleta madawati Septemba akalipwa Juni, yeye ndiye anayewakopesha ninyi, tena bila riba. Akienda kuomba ule mkopo wenu anaambiwa alete mpango wa biashara.

La tatu lilikuwa leseni na ushuru, nitaliacha. Tukilifungua hapa hatutoki leo.

Ombi langu ni moja. Kwenye baraza lijalo, mkimaliza kusoma orodha ya vikundi vinavyodaiwa, isomwe na orodha ya wazabuni wadogo wanaoidai halmashauri: nani, ametoa huduma gani, tangu mwezi gani. Isomwe kwa sauti ileile. Haya, maswali. Tuanze na mama pale nyuma, ameshika mkono juu tangu niliposema samaki.